Hazadi Haikupaswa Kuwashwa

Tangu ile video ya shemeji kwenye dhoruba ya vumbi Arizona iingie kwenye kundi la familia, anamwagiwa sifa kwa kutulia. Mimi simsifu. Alikosea, na kosa lenyewe ni lile linalosifiwa.

Safari ilipangwa vizuri: Las Vegas kwa rafiki, Phoenix kwa kaka, Tucson kwa shangazi, maji tele, matairi yanapimwa upepo kila asubuhi. Ila kutoka Phoenix waliondoka saa tisa alasiri, mwezi Julai, kwa sababu ya pilau la kuagana. Nimelipigia kelele hili miaka nenda rudi: mwenye safari apewe chai alfajiri, aruhusiwe aende. Msimu wa monsuni wa Arizona, 15 Juni hadi 30 Septemba, dhoruba zake hupenda alasiri na jioni. Hata hivyo, kuchelewa nakusamehe.

Nisichokisamehe ni kile cha Picacho, kati ya Phoenix na Tucson. Mliona ukuta wa kahawia ukija: hewa baridi imeporomoka kutoka kwenye wingu la mvua, imepiga ardhi, imesomba mchanga. Shemeji akapunguza mwendo, akatoka nje ya lami kulia. Sawa kabisa. Kisha mkono ukaenda kwenye dashibodi, ukabonyeza kile kitufe cha pembetatu nyekundu: hazadi. Tik-tak, tik-tak. Kwenye kioo cha nyuma vumbi linawaka, linazimika, linawaka tena. Na mguu bado uko kwenye breki.

Sasa kaa kwenye kiti cha anayekuja nyuma. Barabara kuu ya I-10 pale inaruhusu maili 75 kwa saa, kama kilomita 120. Mstari huuoni, ukingo huuoni. Unaona taa tu. Unadhani ni gari linalotembea, unalifuata likuonyeshe njia. Linakutoa nje ya lami, unaligonga likiwa limesimama, watoto wako ndani.

Ndiyo maana idara ya uchukuzi ya Arizona inafundisha hivi: toka kabisa kwenye lami, zima taa zote, hazadi ikiwemo, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye breki, mikanda ibaki imefungwa, subiri vumbi lipite.

Ugonjwa huu tumetoka nao nyumbani. Manyunyu Chalinze, hazadi. Ukungu Njombe, hazadi. Kunyoosha moja kwa moja kwenye makutano, hazadi! Nimeandika mara ngapi kwamba hazadi haimwambii wa nyuma kama unatembea au umesimama? Kwenye vumbi, kutojua huko kunaua.

Lakini madereva wa Safari Rally waliotulea walilijua vumbi. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta akashinda mara tano. Magari yaliondoka kwa kupishana dakika, na kila dereva alijua vumbi la wa mbele ni upofu wa wa nyuma. Madereva wale waliendesha wakimfikiria asiyeonekana. Shemeji alifikiria alichokiona yeye tu.

Walifika kwa shangazi salama, na namshukuru Mungu. Lakini kufika salama si ushahidi kwamba ulifanya sawa. Siku ile nyuma yao hakukuja lori. Wiki ijayo wanarudi Phoenix kwa barabara ileile. Shemeji, nakuomba: ondokeni alfajiri, na vumbi likiwakuta, zima taa zote.