Risasi Mkandani: Hesabu ya Uzani kutoka Mtongwe hadi Ziwa Nakuru

Mpiga mbizi anayeshuka na mtungi wa hewa mgongoni hufunga vipande vya risasi kiunoni hasa kwa sababu suti ya mpira inayomkinga na baridi imejaa viputo vidogo vya gesi, navyo humwelesha kama boya. Kazi ya risasi ni kufuta mwelekeo huo wa kuelea, wala si zaidi ya hapo. Kilo mbili tatu ambazo wanagenzi hujiongezea kwa ajili ya usalama hulazimika kubebwa na hewa inayojazwa katika fulana ya kuelea, na kwa kuwa hewa hiyo husinyaa mvaaji anaposhuka na kutanuka anapopanda, anayebeba risasi nyingi hushinda akibonyeza vali, mara kujaza, mara kupunguza.

Hesabu hii haikai mahali pamoja. Tarehe 21 Oktoba 2017 helikopta ilipoanguka katika Ziwa Nakuru, walioitwa kusaidia msako ni pamoja na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, ambalo kambi yake kuu iko Mtongwe, Mombasa. Na mkanda uliopimwa katika maji ya Kilindini hauwezi kuaminiwa katika ziwa la magadi lililo takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.02, ya maji baridi kilo moja hivi, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90, na aliyekuwa sawasawa baharini, angehitaji kupunguza takriban kilo mbili akiingia Ziwa Naivasha. Nakuru, hata hivyo, si Naivasha: chumvi zake huyafanya maji kuwa mazito zaidi, na kiasi chake hubadilika kadiri ziwa linavyofurika au kukauka. Zaidi ya hayo, kanieneo ya hewa kwenye kimo hicho ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo viputo vya suti hutanuka kidogo na kuongeza wepesi. Mambo haya huvutana, ndiyo maana jedwali lililochapishwa hutoa makisio tu, na jibu hupatikana majini penyewe.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mpiga mbizi husimama wima katika maji yanayopita kimo chake, akatoa hewa yote katika fulana, akashikilia pumzi ya kawaida kwa muda mfupi. Uzani ukiwa sahihi, maji humfika machoni, na akitoa pumzi huzama polepole. Linalosahaulika mno ni kwamba hewa nayo ina uzito: mtungi wa lita 12 ukitumiwa kutoka baa 200 hadi 50 hupoteza zaidi ya kilo mbili, kwa hiyo aliyepimwa na mtungi uliojaa bila kuongezewa kiasi hicho atajikuta anaelea mwishoni, pale hasa anapotakiwa kutulia karibu na uso wa maji kabla ya kutoka.

Baada ya kiasi huja mkao, na hapa mkokoteni wa punda unaopakiwa magunia ya viazi kule Keringet hueleza vizuri kuliko mchoro wowote. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mipini huinuka na kumvuta punda tumboni. Yakisukumwa mbele kupita kiasi, humwelemea mgongoni, ilhali uzito wote haujabadilika hata ratili. Mwilini, mapafu huinua kifua na mkanda huvuta nyonga, basi miguu hushuka na mtu huogelea akiwa mshazari, kila teke likielekea chini. Juu ya matumbawe ya Kisite hilo ni uharibifu na uchovu. Katika ziwa lenye matope kama Nakuru, ambalo mwani wake tayari huyatia maji ukungu wa kijani, teke moja la namna hiyo hufuta hata kile kidogo kilichokuwa kikionekana. Tiba yake ni kuhamisha kilo moja au mbili kutoka kiunoni hadi kwenye ukanda wa mtungi, karibu na mabega, au kuupandisha mtungi wenyewe sentimita chache, kisha kutulia bila kupiga teke na kutazama ni upande gani unaoanza kuzama.