Kiganja kikifumbuka na kufumba: dakika 30 za ultrasaundi

Mama mwenye mimba ya wiki 34 akishuka kutoka Newala kwenda Masasi na kusema mtoto hachezi kama jana, kuweka probu tumboni kwa sekunde chache na kumwambia "anacheza huyu" hakutoshi. Dk. Leader Stirling alipoanza kazi Lulindi, Masasi, mwaka 1935, alitegemea mkono wake, sikio lake na maneno ya mama. Leo mashine ipo, lakini ina utaratibu wake.

Utaratibu huo ulitangazwa na Frank Manning na wenzake mwaka 1980. Hupimwa mambo matano: mtoto kupumua, kucheza, mkazo wa misuli, maji ya uzazi na mapigo ya moyo. Kila moja hupewa 2 au 0.

Kucheza hupata 2 mwili au viungo vikisogea mara tatu ndani ya dakika 30. Kwa mkazo wa misuli, mpimaji hutafuta mkono au mguu ulionyooka kisha ukakunjwa upesi, au kiganja kilichofumbuka kikafumba. Mara moja tu yatosha. Kiungo kikinyooka polepole na kukunjika nusu tu, au kiganja kikibaki nusu wazi, ni 0.

Mtoto akiwa macho, yanayotazamwa kwa ultrasaundi yote huweza kuonekana ndani ya dakika tano. Lakini watoto tumboni hulala, mara nyingi dakika 20 hadi 40, ndiyo maana hukumu ya 0 haitolewi kabla ya dakika 30 kutimia.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mkazo wa misuli huanza mapema katika ukuaji, na oksijeni ikipungua ndio wa mwisho kupotea. Mapigo ya moyo na kupumua hutangulia kubadilika. Kwa hiyo kiganja kinachofumba hakimwondolei mtoto hatari, na kiganja kilicholegea ni dalili iliyochelewa. Maji yakipungua na chupa haijapasuka, huenda shida ni ya siku nyingi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Hiyo hukadiria umri wa mimba na kuonyesha kama ni mapacha. Swali la mama huyu hailijibu.

Mashine ndogo ya kubebeka yaweza kuonyesha manne kati ya hayo matano. Adimu ni muda wa mpimaji. Basi ripoti itaje dakika alizotazama. Bila hizo, daktari wa hospitali ya Ndanda au ya Mkomaindo atakayempokea mama hatajua kama mtoto alikuwa mgonjwa au amelala.