Mguso, Meno na Kupuliza: Uhakiki wa Lugha ya Kutengeneza Kaseti za Michezo ya Video

Mwongozo wa ufundi humfichua mfasiri upesi kuliko shairi. Shairi likitafsiriwa vibaya, msomaji hukosa ladha. Mwongozo ukitafsiriwa vibaya, msomaji huungua kidole, au huharibu chombo kilichokuwa kizima. Makala haya yanakusudia kuhakiki namna maelezo ya kutengeneza kaseti za zamani za michezo ya video yanavyoelekea kuingizwa katika Kiswahili, na hasa kaseti za mtambo wa Nintendo, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1983 na Marekani mwaka 1985 kwa umbo jingine. Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la kitoto. Lakini kaseti hiyo ni ubao wa saketi uliotiwa ndani ya ganda la plastiki, na ukingo wa ubao huo huchomekwa penye meno ya chuma. Muundo wa namna hiyo umo pia katika bao za kumbukumbu za kompyuta zilizomo maofisini mwetu. Fundi aliyeelekezwa vibaya hapa, ataelekezwa vibaya na huko.

Kwanza jina la kitu chenyewe. Neno “kaseti” hupingwa kwa hoja kwamba kaseti ni ya utepe wa sauti, na hapa hapana utepe. Hoja hiyo haina uzito. Katika Kifaransa, neno hilo lilipotoka, maana yake ni kisanduku kidogo tu. Na Wajapani nao hukiita chombo hiki cha mchezo kwa jina lilo hilo la kaseti. Basi “kaseti ya mchezo” yatosha, nayo “katriji” tuwaachie wenye wino wa mashine za kuchapia.

Tatizo kubwa liko katika majina ya hitilafu. Kiingereza kina neno moja la mitaani kwa kila kioja ambacho kaseti hufanya: picha kuvurugika, herufi kugeuka alama zisizosomeka, mchezo kukataa kuanza. Mfasiri mwenye haraka huligeuza neno hilo kuwa “mbovu”, au hulitohoa likawa “glichi”. Lote mawili halimsaidii fundi. “Glichi” halimwelezi lolote. “Mbovu” lina hatari zaidi, kwa sababu katika Kiswahili kitu kilichokwisha kuitwa kibovu huwa kimeshahukumiwa, na aghalabu huenda jalalani.

Tuchukue mfano wa taa. Mtambo uliouzwa Marekani mwaka 1985 ulipokea kaseti kwa mbele, kisha ikasukumwa chini mpaka ikashikwa na meno 72. Meno hayo kwa miaka hulegea, na uchafu hujikusanya. Ndani ya mtambo mna chipu moja ya ulinzi, na ndani ya kaseti mna mwenzake. Hizo mbili zisipopatana, ile ya mtambo huuanzisha mtambo upya takriban kila sekunde, na taa nyekundu hupepesa bila kukoma. Napendekeza chipu hiyo iitwe “bawabu”, maana kazi yake ni kuuliza mgeni ni nani kabla ya kumfungulia. (Toleo la mwaka 1993, ambalo hupokea kaseti kwa juu, halina bawabu huyu.) Kwa hiyo taa inayopepesa yasema kwamba bawabu hakupata jibu, na mara nyingi sababu ni mguso usioshika. Kumbukumbu ya mchezo yaweza kuwa nzima kabisa. Mfasiri aliyeandika “kaseti mbovu” amemwambia fundi jambo ambalo taa haikulisema.

Jina la hitilafu, basi, hapana budi limwonyeshe fundi pa kutia mkono. “Mguso mbaya” humpeleka kwenye ukingo wa ubao na kwenye meno ya mtambo. “Lehemu iliyoachia” humpeleka kwenye miguu ya chipu. “Betri iliyokwisha” na “chipu iliyokufa” hujieleza zenyewe, na hili la mwisho halifai kuandikwa mpaka yale matatu yamekwisha kuchunguzwa. Neno la mitaani libaki kinywani mwa mchezaji, ambaye anayo haki ya kulalamika kwa jumla.

Kuhusu mguso wenyewe, kuna kosa ambalo wahariri wanapaswa kuliwinda. Neno la Kiingereza litumikalo kwa madini kugusana ndilo litumikalo pia kwa watu kupelekeana habari. Tafsiri ya haraka, iwe ya mtu au ya kompyuta, huweza kumwamuru fundi “asafishe mawasiliano”. Mwalimu akicheka, mwanafunzi asiyejua Kiingereza hana cha kumchekesha. Yeye amebaki na amri isiyotekelezeka.

Kadhalika Kiingereza cha mafundi huita “pini” vitu viwili tofauti: vyuma vyenye kunyumbuka vilivyomo katika mtambo, na vile vipande bapa vya madini vilivyo katika ukingo wa ubao wa kaseti. Msomaji wa Kiingereza hupambanua kwa muktadha. Lakini ushauri wa kuziinua pini kidogo ili zibane tena ni wa mtambo peke yake. Anayejaribu kuinua zile za kaseti ataubandua utando wa shaba kutoka kwenye ubao, na hapo hapana marejeo mepesi. Kiswahili hakina sababu ya kuurithi utata huu. Vya mtambo na viitwe “meno”, kwa kuwa vinauma. Vya kaseti na viitwe “ndimi”, kwa kuwa ni bapa na huingia kinywani.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa utata wote umetoka ugenini. Kiswahili nacho kina mitego yake, na hapa ndipo miongozo inapoweza kuteleza zaidi, kwa kuwa maneno ni yetu na mfasiri hayatilii shaka. Watoto wa Marekani wa miaka ya 1980 walizoea kuitoa kaseti, kuipuliza kwa kinywa na kuirudisha. Kilichosaidia aghalabu kilikuwa kule kuitoa na kuirudisha, ambako kuliyapa meno na ndimi nafasi ya kushikana upya. Pumzi iliacha unyevu, na kampuni yenyewe baadaye ilionya kwamba unyevu huo huweza kuleta kutu. Mwongozo wa leo husema: usipulize. Ukurasa wa pili, mwongozo huohuo humtaka fundi atumie kopo la dawa ya kusafishia migusano, na mfasiri, kwa kufuata desturi ya dawa ya mbu, huandika: puliza. Msomaji amekatazwa na kuamriwa kwa kitenzi kimoja. Dawa inyunyizwe, na katazo liandikwe kwa ukamilifu wake: usipulize kwa kinywa.

“Kufuta” ni mtego mkubwa kuliko huo. Twafuta vumbi, twafuta ubao wa darasani, twafuta jina katika daftari. Katika mchezo wa The Legend of Zelda, uliotoka Marekani mwaka 1987, kaseti ilikuwa na betri ya kuhifadhi maendeleo ya mchezaji, na mchezo wenyewe una mahali pa kuondolea majina yaliyosajiliwa. Maelezo yakisema “futa kaseti” bila zaidi, mmoja atachukua pamba na mwingine ataondoa kazi ya miezi. Ongeza na kile kifutio cha penseli, ambacho baadhi ya watu husugulia ndimi ingawa hukwangua utando wao mwembamba, na familia nzima ya neno moja imekutana katika aya moja. Pamba na ipanguse. Kufuta tukuachie kumbukumbu.

Juu ya kimiminika cha kupangusia, “pombe” ni kichekesho, na “spiriti” ni neno lijulikanalo, ila lazima aina na kiwango vitajwe: mafundi hupendelea isopropili ya asilimia 90 au zaidi, yenye maji machache. Hapa kuna jambo la adabu ya kutafsiri. Nyuma ya kaseti za Nintendo za Marekani paliandikwa onyo kwamba zisisafishwe kwa benzini, thina wala alkoholi. Mfasiri akutanaye na onyo hilo pamoja na ushauri wa fundi asiyapatanishe kimyakimya. Yote mawili yaandikwe, na kila moja litajwe ni la nani.

Imebaki betri, ambayo ni sehemu yenye madhara. Kwanza, betri ikitolewa bila umeme mwingine kushikilia nafasi yake, kilichohifadhiwa hupotea. Sentensi hiyo itangulie amri ya kuitoa, wala isiifuate. Pili, betri ya CR2032 ya ndani ya kaseti huja na vipande vyembamba vya chuma ambavyo kiwanda kimevichomelea kwenye betri, na vipande hivyo ndivyo vinavyotiwa lehemu kwenye ubao. Kiswahili cha karakana kinazijua kazi hizi mbili kuwa mbali: geti huchomelewa, waya wa redio hutiwa lehemu. Tafsiri inayosema tu “unganisha betri mpya kwa moto” imeutupa utajiri huo, na imempa msomaji ruhusa ya kuweka chuma cha moto juu ya betri ya lithiamu, ambayo ikipata joto kali huweza kupasuka. Vipande vile vyaweza kuitwa “vishikio”. Mimi naona “masikio” ni bora, kwa kuwa fundi ataelewa mara moja kwamba moto ni wa masikio, na kichwa hakiguswi.