Mbinu za Kumvusha Mtoto kutoka Skauti Wadogo hadi Wakubwa

Kambi ya majaribio ambayo Robert Baden-Powell aliiendesha katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, pamoja na kitabu chake cha Scouting for Boys kilichotoka mwaka uliofuata, viliwalenga wavulana walioanza kujitegemea, wala havikuwa na nafasi kwa wadogo zao, ambao hata hivyo hawakukubali kuachwa nyuma. Mpango wa Wolf Cubs, yaani skauti wa miaka 8 hadi 11, uliozinduliwa mwaka 1916 kwa mchango mkubwa wa Vera Barclay, uliwapatia wadogo hao makao yao, lakini papo hapo ukaweka mpaka ambao kila mtoto angelazimika kuuvuka.

Ugumu wa kuuvuka mpaka huo unatokana na tofauti ya utawala zaidi kuliko tofauti ya umri. Skauti wadogo waliongozwa kwa hadithi zilizochotwa katika The Jungle Book cha Rudyard Kipling. Mlezi wao aliitwa Akela, jina la mbwa mwitu mkuu, na sheria yao fupi ilikazia kumtii mkubwa, kiasi kwamba hata pale ambapo kikundi cha watoto sita kilikuwa na kinara wake, uamuzi wa mwisho ulibaki kwa mtu mzima. Ng'ambo ya pili, chombo kikuu ni patroli, yaani kikundi cha vijana sita hadi wanane wanaopanga shughuli, kupika na kulala kambini pamoja chini ya kijana mwenzao, huku mtu mzima akikaa kando kwa makusudi. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kuwa mkubwa wa kundi hujikuta mdogo kuliko wote, tena mahali ambapo anatakiwa kuamua mambo ambayo jana aliamuliwa.

Jibu la kwanza lililotumika lilikuwa sherehe. Kundi la wadogo na kundi la wakubwa yalisimama yakitazamana, na mtoto, baada ya kuwaaga wenzake, alivuka nafasi iliyokuwa kati yao akapokewa na mlezi mpya pamoja na kiongozi wa patroli yake. Kwa upande wa wasichana, wale wa Brownies, yaani ngazi ya wadogo, waliofaulu majaribio ya juu walipewa beji ya mabawa na ikasemwa kwamba wanaruka kwenda Guides, ngazi ya wakubwa, ilhali wenzao walikwenda kwa miguu. Utaratibu huo ulimpa mwenye bidii lengo la kulifuatia, lakini ulitangaza upungufu wa mwingine hadharani, saa ile ile alipohitaji kupokewa sawa na wenzake, na ni vigumu kuuona kuwa msaada kwa yule aliyeogopa kuhama.

Kasoro kubwa zaidi ya sherehe ni kwamba humalizika jioni moja, wakati kuzoea huchukua wiki kadhaa. Nchini Uingereza, ambako leo Cubs ni wa miaka 8 hadi 10 na nusu na Scouts huendelea hadi 14, hutolewa beji ya kuhamia kwa mtoto ambaye kwa wiki chache amehudhuria pande zote mbili, na akiipata huapishwa mara moja bila kurudia masharti ya uanachama mpya. Kifungu hiki cha mwisho kinaonekana kidogo, ila ndicho kinachomwambia mtoto kwamba aliyoyajifunza hayakufutwa; na kipindi cha kuhudhuria kotekote humwezesha kujua sura, majina na mizaha ya patroli kabla hajaacha mahali anapojulikana.

Marekani, ambako ngazi ya wadogo ilianzishwa rasmi mwaka 1930, imeongeza daraja lingine: skauti mkubwa hupewa jukumu la kulisaidia kundi dogo, hivyo mtoto anapohama humkuta ng'ambo mtu anayemfahamu. Ikilinganishwa na hotuba yoyote ya mlezi, mbinu hiyo ina nguvu zaidi, kwani mkubwa huyo ni wa upande anaokwenda mtoto, na bado si mzee.

Kenya, nchi aliyofia Baden-Powell tarehe 8 Januari 1941 na ambako alizikwa Nyeri, ina ngazi zake, kuanzia ya wadogo: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Kwa kuwa makundi mengi yamejengwa juu ya shule, mpaka wa skauti hufuatana kwa karibu na mpaka wa masomo. Uamuzi wa serikali wa kuiweka sekondari ya chini, iliyoanza mwaka 2023, ndani ya shule za msingi uliwarahisishia walezi kazi ya kuwakutanisha Sungura na Chipukizi, maana wote wapo katika uwanja mmoja. Kutoka Chipukizi kwenda Mwamba hali ni tofauti, kwa kuwa mwanafunzi anayeingia gredi ya 10 aghalabu huhamia shule nyingine, pengine ya bweni katika kaunti ya mbali, na wiki za kuhudhuria pande mbili haziwezekani. Kinachobaki ni kumbukumbu iliyotiwa sahihi ya beji na majukumu ya mwanafunzi huyo, pamoja na mawasiliano ya mlezi wa zamani na mlezi mpya kabla ya muhula kufunguliwa.