Nili Inapokutana na Upepo

Ukivuka Mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, ukashika barabara ya kusini inayopita mashamba ya mkonge, unafika Mwera. Huko, nyuma ya nyumba moja yenye mwembe, nilikaa kutwa nzima juu ya kigoda nikimtazama mama mmoja akitengeneza batiki. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji tu.

Mwenyewe alikuwa ameanza jana yake. Kitambaa kipya cha pamba hutoka dukani na wanga wa kiwandani, na wanga huizuia rangi isiingie. Alikichemsha kwa sabuni, akakisuuza, akakianika. Asubuhi nilimkuta amekitandaza juu ya meza iliyofunikwa gunia na nailoni, anapitisha kiganja taratibu kutafuta mikunjo.

Nta ilikuwa jikoni, kwenye sufuria kuukuu: mishumaa iliyokatwakatwa ikachanganywa na nta ya kazi zilizopita. Ikiwa baridi hukaa juu ya kitambaa tu, rangi ikapenya chini yake. Ikiwa moto kupita kiasi hutambaa, ua likawa doa. Kipimajoto hana. Alichovya mhuri wa sponji, akaukamua ukingoni mwa sufuria, akaujaribu kwenye kitambaa chakavu, kisha akakigeuza kutazama mgongo wake.

“Bado haijashuka, mwanangu. Tungoje.”

Tulingoja. Mara ya tatu alama ikatokea upande wa pili, inapitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Ndipo alipoanza.

Mihuri ameikata mwenyewe kwa wembe, kutoka kwenye godoro lililochakaa. Mmoja ni korosho, mwingine nusu ya ua; nusu mbili zikikutana, ua linakamilika. Hakuchora mstari wowote. Alipima kwa shibiri, akachovya, akakamua, akabonyeza, akainua mkono wima ili nta isivute uzi. Nilihesabu mihuri 60 kabla hesabu haijanipotea, na pale nusu za maua zilipokutana hapakuwa na pengo la kupitisha kucha.

Kuzuia rangi kwa nta ni ufundi wa kale sana. Hazina ya Shosoin mjini Nara, Japani, bado ina viwambo vya karne ya 8 vilivyotiwa rangi kwa njia hiyo. Na Japani hiyohiyo, katika karne ya 20, ilichapa kanga nyingi zilizovaliwa na bibi zetu wa pwani hii. Zile zilipita mashineni, mji na pindo vikatoka sawasawa kwa maelfu. Hapa Mwera kila ua lina mkono wake, na mimi nalipenda zaidi kwa hilo.

Rangi ya siku hiyo ilikuwa nili, ileile ya kaniki walizovaa wanawake wa pwani kabla kanga haijatawala. Nili haiyeyuki kwenye maji matupu. Mama alivaa glovu za mpira, akamimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni. Kisha akatia nili na unga mweupe wanaouita haidro, akakoroga polepole. Buluu ikafifia mbele ya macho yangu. Ndani ya beseni kukabaki maji ya kijani-manjano, juu yake utando wa buluu iliyoiva.

Alikilowesha kitambaa kwanza, akakizamisha kwenye rangi ya uvuguvugu, isiyo moto wa kuyeyusha nta. Mikono yake ilikigeuzageuza chini ya maji bila kutoa povu hata moja, kwa sababu povu huingiza hewa, na hewa huiharibu rangi ingali ndani ya beseni. Baada ya dakika kadhaa alikiinua. Kilikuwa na kijani cha jani changa la mgomba. Upepo ukakigusa, kijani kikaanza kurudi nyuma kutoka pembeni, buluu ikaingia taratibu hadi katikati. Sikuwahi kuona rangi ikizaliwa hivyo, hewani, nje ya maji. Yeye alikuwa anatazama kivuli cha mwembe. Kiliposogea vya kutosha, akakizamisha kitambaa tena. Mara nne alikizamisha, na kila mara alisubiri buluu itulie ndipo arudie.

Maji yaliyobaki hayakwenda mtoni. Ana shimo lake, mbali na kisima.

Alasiri kitambaa kiliingia kwenye pipa la maji yanayochemka. Nta iliachia, ikapanda juu. Yeye akakiinua na kukitumbukiza kwa mti, tena na tena, mpaka maua meupe yakatokea, na ndani yake vimishipa vya buluu pale nta ilipopasuka. Akakifua kwa sabuni. Akakisuuza beseni baada ya beseni, na kila mara alichota maji kwenye bakuli jeupe kuyachunguza. La saba lilikuwa safi. Hapo akakipitisha kwenye uji mwepesi wa muhogo, akakianika kivulini, na kilipobaki na unyevu kidogo akakipiga pasi ya mkaa.

Jioni maji ya pipa yalikuwa yamepoa. Nta ilikuwa imeganda juu kama sahani ya buluu iliyopauka. Mama aliivunja vipande, akavikwangua uchafu kimoja kimoja kwa kisu, akavipanga ndani ya kopo.