Nani Alibuni Menyu ya M-Pesa?

Kila baada ya miezi michache mabishano ni yale yale: nani alibuni M-Pesa? Mmoja ataapa ni mwanafunzi Mkenya aliyeporwa wazo lake. Mwingine atasema ni Vodafone ya Uingereza. Huyu wa pili ana ushahidi zaidi, maana Nick Hughes na Susie Lonie ndio walioongoza mradi ule. Lakini wote wawili wanatafuta kichwa kimoja cha kuvisha taji, na hapo ndipo wanapopotea.

Jaribio la kwanza lilianza Oktoba 2005. Lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu waliopewa simu wakaanza kuzifanyia yao: wakatumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake ukawa kutuma pesa nyumbani. Kwa maneno mengine, watumiaji waliuandika upya mswada, na majina yao hayakuwekwa popote.

Hebu isome ile menyu kama unavyosoma shairi fupi. Toa pesa. Nambari ya wakala. Kiasi. Nambari ya siri. Haihitaji intaneti, inaingia hata kwenye kabambe. Kazi safi, tukubali. Ila kuna msomaji iliyemdhania: mtu mmoja, na simu yake, anayesoma Kiingereza au Kiswahili, siri yake kichwani.

Sasa ipeleke Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, siku ya soko. Magokoro anayezungumza Ekegusii tu anafika kwa wakala, simu ameifunga kwenye leso. Mwanawe ametuma pesa kutoka Nairobi. Wakala anaigeuza menyu kuwa Ekegusii, hatua kwa hatua. Anamwambia abonyeze wapi, anamsomea meseji, anamhesabia noti moja moja. Wakifika kwenye nambari ya siri, wakala mwema anageuza uso.

Ule uso uliogeuzwa ni ubunifu. Haumo kwenye menyu, lakini bila huo menyu haimfai magokoro. Na mara nyingi hata huo hautoshi: siri inatajwa kwa sauti mbele ya foleni, au anaibonyeza mjukuu. Usalama wote umeegemea uaminifu wa mtu ambaye mfumo unamjua kama nambari ya wakala tu.

Huku hilo si geni. Sanamu za mawe ya sabuni kutoka Tabaka zimefika maduka ya Nairobi na ng'ambo zikiitwa mawe ya Kisii. Jina la eneo lipo. La mchongaji, mara nyingi, hakuna.

Kwa hivyo tunapodai wabunifu waliosahaulika watambuliwe, tusiishie kwenye vyeti na picha. Wewe unayechora skrini ukiwa Kilimani au Westlands, panda matatu uje ukae kando ya wakala wa Keroka asubuhi moja, na umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mshauri yeyote. Kisha mjibu magokoro swali ambalo menyu imemwachia wakala tangu 2007: asiyejua kusoma ataificha vipi siri yake?