Maneno ya Mwenye Kuku

Mtu aliyepoteza kuku watatu tangu asubuhi, na wa nne amejiinamia kwenye kona ya banda, hafungui simu akaandika "ugonjwa wa Newcastle". Huandika anachokiona: kuku wanapinda shingo, kuku anaharisha kijani, kuku wanakufa ghafla nifanyeje. Hayo ndiyo maneno ya kutafutia, na kuyajua kabla hajayaandika ni ufundi. Hauna cheti wala kelele, na wengi wanaoufanya huufanya usiku, kazi nyingine zikishaisha. Mimi nauheshimu sana.

Kazi inayotumia ufundi huu ni ya udalali wa mtandaoni. Julai 1996 duka la Amazon la Marekani lilianza kuwalipa wenye tovuti waliowapelekea wanunuzi: unaandika kuhusu kitabu, unaweka kiungo, msomaji akibonyeza na kununua unapata sehemu yako. Kwa watu wa Runazi, mkoani Kagera, Tanzania, hilo si geni. Tangu Vodacom ilete M-Pesa nchini mwaka 2008 watu wamezoea kumwona wakala akiishi kwa kamisheni, na dalali wa ng'ombe mnadani ni wa zamani kuliko simu. Ila dalali wa mnadani humwona mteja akija. Humsoma uso, huona viatu, husikia anavyouliza bei. Mwandishi wa mtandaoni hana hata kimoja. Ana maneno matatu au manne yaliyoandikwa na mtu asiyemjua, na inabidi ayakisie kabla ya mtu huyo kuyaandika.

Runazi iko katika nchi ya Biharamulo na Ngara, ambako Kiswahili cha sokoni hukutana na Kishubi, Kihangaza, Kizinza, Kiha, na Kisukuma cha wafugaji waliohamia na mifugo yao. Jambo moja linaweza kuwa na majina manne kabla hujamaliza mtaa mmoja. Mtu wa mjini anaweza kuona huo ni usumbufu. Kwa anayechagua maneno, hapo ndipo kazi inaponoga.

Dada ninayemfikiria ninapoandika haya anauza katika duka la pembejeo na dawa za mifugo hapo Runazi, na usiku huandika blogu. Chini ya meza ana daftari ambalo kila ukurasa ameugawa kwa rula safu mbili. Kushoto huandika mteja alivyosema, neno kwa neno, bila kumsahihisha. Kulia huandika alichokuja kukihitaji hasa, baada ya kuulizwa maswali mawili matatu. Nilikuwepo mzee mmoja alipoingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya kuku wanaozungusha shingo."

Dada hakukimbilia rafu. "Wanaharisha?"

"Kijani, kama majani yaliyopondwa."

"Waliwahi kuchanjwa, baba?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Hapana. Hawakuchanjwa."

Dada alimweleza taratibu kwamba wale walioanza kuzungusha shingo hakuna dawa ya kuwaponya, awatenge, waliokufa awafukie mbali na banda, na asipeleke kuku yeyote mnadani wala kwa jirani mpaka hali itulie. Mzee alipotoka, daftari lilifunguliwa. Kushoto: wanaozungusha shingo. Kulia: chanjo, amechelewa. Alipigia mstari neno "wanaozungusha", kwa kuwa mpaka siku hiyo alikuwa na "wanaopinda" tu. Usiku ule alianza kuliandika neno lile kwenye Google nusu nusu, herufi kwa herufi, akisubiri kuona sanduku la kutafutia linapendekeza nini. Google ilianza kuyajaribu mapendekezo hayo mwaka 2004, nayo hutokana kwa sehemu kubwa na yale ambayo watu wengine wamekwisha kuyaandika. Kwa mwenye macho, ni dirisha la kuchungulia maswali ya watu bila kuwajua majina.

Ugonjwa wa kuku wa yule mzee, yaani Newcastle, una majina mawili ya Kiswahili yanayotumika sana, mdondo na kideri, na mtu anaweza kuishi na moja bila kulisikia jingine. Kiini cha ufundi huu, hata hivyo, hakipo kwenye majina. Kipo kwenye neno dogo linalotangulia. Anayeandika "dawa ya mdondo" ana kuku wanaokufa leo. Anayeandika "chanjo ya mdondo" ana kuku wazima na anapanga kesho. Anayeandika "bei ya chanjo ya mdondo" tayari ana pesa mkononi. Ugonjwa mmoja, watu watatu, na ukurasa mmoja hauwezi kuwahudumia wote sawasawa. Mwaka 2002 Andrei Broder, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi AltaVista, aliandika kwamba wanaotafuta mtandaoni ni wa aina tatu: wanaotaka kujua, wanaotaka kufika kwenye tovuti fulani, na wanaotaka kufanya jambo kama kununua au kupakua. Dada wa Runazi hajawahi kumsoma Broder. Safu yake ya kulia imemfikisha karibu na hapo hapo.

Kwa anayetaka kamisheni, kishawishi kikubwa kimelala kwenye neno "dawa". Wanaoliandika wana hofu, na mwenye hofu hununua haraka. Unaweza kumuuzia chupa yoyote. Dada aliamua kwamba ukurasa wake wa "dawa ya mdondo" utaanza na ukweli kuwa haipo, kisha ueleze chanjo ya matone inayostahimili joto, ile aina ya I-2 ambayo hapa Tanzania imetengenezwa kwa jina la TEMEVAC: tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo ni ya bei ndogo na haimletei kamisheni yoyote. Lakini aliyesoma ukurasa ule na kuuamini atarudi siku akitaka kununua kitu kikubwa, na dada anajua kitu hicho ni kipi.

Hapo tunafika kwenye kuchagua uwanja, hatua ambayo wanaoanza huiruka. Mtu husema ataandika kuhusu kilimo. Kilimo ni bahari. Ukiandika "kilimo bora" unasimama mstari mmoja na magazeti, wizara na vyuo, na msomaji hana sababu ya kukuchagua wewe. Dada alishuka ngazi kwa ngazi. Aliacha kilimo akabaki na mifugo, akaacha mifugo akabaki na kuku, kisha kuku wa kienyeji, kisha kutotolesha vifaranga kwa mashine, na mwisho akafika alipoona panamtosha: kutotolesha kwa mashine pale ambapo umeme upo lakini hukatika. Kila aliposhuka alijiuliza kama bado kuna watu wanaouliza, kama kuna kitu cha kuuza ambacho muuzaji yuko tayari kukilipia kamisheni, na kama yeye mwenyewe anaweza kujibu maswali hamsini bila kubuni hata jibu moja. Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Yeye ametotolesha, ameona mayai yaliyoanguliwa na yaliyooza, na anajua harufu ya yote mawili.

Wakati nao ulikuwa upande wake. Mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, una megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na laini ya upande wetu inakuja Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Umeme ukisogea, maswali husogea nao. Familia iliyokuwa ikimtegemea kuku jike kulalia mayai kumi inaanza kuuliza mashine ya mayai hamsini inauzwa bei gani, na wiki ya pili baada ya kuinunua inauliza swali ninalolipenda kuliko yote kwenye daftari lile: umeme ukikatika usiku mayai yanaharibika?

Swali hilo lina kila kitu. Linatoka kwa mtu aliyekwisha kutumia pesa, kwa hiyo ana sababu ya kusoma mpaka mwisho. Lina jibu la kweli linalohitaji ujuzi: mayai ya kuku huchukua siku 21, mashine yenye feni hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 37.5, na saa chache za baridi mara nyingi hazimalizi mayai yote ikiwa mashine imefungwa vizuri na haikufunguliwa kila dakika kwa wasiwasi. Linafuatwa pia na bidhaa halali: betri, paneli ya sola, kipimajoto cha kuaminika. Anayeuliza hapaswi kusukumwa. Akishaelewa hatari iko wapi, mwenyewe ataona anachokihitaji.

Jina la kifaa nalo lilimpa kazi. Kuna wanaosema inkubeta, wengine kitotoleshi, wengine mashine ya kutotolesha, na wengine kwa kifupi mashine ya mayai. Mwandishi mvivu angechagua moja na kulirudia mpaka likakera. Dada aliweka "mashine ya kutotolesha" kwenye kichwa cha habari, maana hilo ndilo lililojaa safu ya kushoto, kisha akayaachia mengine yaingie mwilini kwa nafasi zake, kama watu wanavyoyachanganya wakiongea. Mashine za kutafutia zenyewe zimesogea upande huo. Desemba 2019 Google ilipopeleka mfumo wake wa BERT kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kilikuwamo, na mfumo huo hujaribu kuelewa sentensi nzima badala ya kuhesabu neno moja moja. Anayeandika Kiswahili cha watu amepata nguvu kuliko anayepachika neno kila mstari.

Zipo programu za kupima neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi. Google ina yake kwa ajili ya watangazaji, na ya sasa ilianza 2013. Kwa maneno mapana husaidia. Kwa "kuku wanazungusha shingo" unaweza kukuta nafasi tupu au sifuri. Anayeanza akiona sifuri hukata tamaa. Nadhani hukata tamaa mapema mno. Kwa miaka mingi Google yenyewe imesema kuwa karibu asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku haujawahi kuonekana kabla, na katika lugha ambayo haijaandikwa sana mtandaoni, sifuri ya programu inaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyesikiliza. Watu watano walioingia dukani mwezi mmoja na swali lile lile ni ushahidi ambao programu hizo hazina.

Kumpata wa kulipa kamisheni kulihitaji uvumilivu wa aina nyingine. Duka la mtandaoni la Jumia, ambalo lingekuwa mlango rahisi, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na kuagiza kifaa kizito Amazon mpaka Runazi hakuna maana. Dada alikubaliana na muuzaji wa mashine wa Mwanza: mteja anayetaja neno la siri la dada anahesabiwa kuwa wa dada. Makubaliano yako kwenye WhatsApp, na malipo hupita kwenye simu. Juu ya kila ukurasa wenye bidhaa ameandika wazi kwamba msomaji akinunua kupitia kwake analipwa. Alisoma pia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kisha akawauliza Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, wenyewe kama kazi ya aina yake inahitaji leseni. Toleo la kwanza la kanuni hizo lilikuwa na ada ya leseni ya shilingi milioni moja, na kwa anayeanza hicho si kiasi cha kukisia.

Ana ukurasa mmoja usiomwingizia hata senti na usiohusu kuku: mnyauko wa migomba. Alishindwa kuuacha. Unyanjano, yaani mnyauko wa bakteria, uliingia Tanzania kupitia Kagera mwaka 2006, na katika daftari lake "migomba inanyauka" ilikuwa imeandikwa mara nyingi mno. Sentensi hiyo inaficha magonjwa mawili. Aliandika namna ya kuyatenganisha kwa panga: kata shina, subiri dakika chache, ukiona usaha wa njano ukitoka, na ndizi zikaiva kabla ya wakati huku ndani zina rangi ya kahawia, huo ni unyanjano wa bakteria. Ukiona majani ya nje yakianza kuwa njano, shina kupasuka chini, na mistari ya kahawia iliyokolea ndani, hasa kwenye kisukari, fikiria ule wa fangasi unaoitwa Panama. Kisha akaeleza kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mwishoni aliwaelekeza wasomaji kwa afisa ugani na kituo cha utafiti cha TARI Maruku. Hakuna cha kuuza pale.

Sasa anapanga kwa kalenda ya mvua. Ukurasa mpya wa blogu changa unaweza kuchukua miezi kabla haujaanza kuonekana juu, kwa hiyo maneno ya kiangazi huandikwa masika. Ukurasa wa chanjo ameumaliza. Wa "bei ya mashine ya kutotolesha mayai 50" anauandika sasa hivi, mahindi yakiwa bado shambani, ili watu wakivuna na kuuza waukute umekwisha kukaa mahali pake, na bei zilizomo atazihakiki tena na yule muuzaji wa Mwanza wiki ya kwanza ya Julai.